Kuhama branchi bila kuvuruga databesi yako: mwongozo kwa wanaotumia Django na Postgres

Madevelopa wa Mombasa, hii ni yenu, hasa nyinyi mnaofanya mradi mmoja wawili watatu na kila mtu ana databesi yake kwa laptopu. Swali ni lile lile kila mara: nimehama branchi (tawi la kodi kwenye Git) vizuri tu, Git haikulalamika, halafu nikiwasha programu inaniletea erori ya safu (kolamu ya jedwali) ambayo kwa kodi nilonayo sahii haipo kabisa, imetoka wapi? Imetoka kwa databesi. Git ikihama inabadilisha mafaili basi, databesi haiijui wala haiigusi, kwa hivyo ile migresheni (faili la maagizo ya kubadilisha muundo wa databesi) uloirun ukiwa branchi nyingine bado iko pale pale kwa Postgres hata kama faili lake limeshaondoka kwa folda.

Nitatumia Django na PostgreSQL, wa Rails na Laravel nimewawekea yao karibu na mwisho. Mfano wetu ni mfumo wa wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Mradi unaitwa `bandari`, ndani kuna app ya `mizigo`, jedwali la makontena ni `mizigo_kontena`. Uko branchi ya `siku-za-bure`, umeongeza safu ya `siku_za_bure` ili mfumo ujue kontena linaweza kukaa siku ngapi kabla ya kuanza kulipishwa stoji, na migresheni yake ni `0008_siku_za_bure`. Main, yaani branchi kuu, imeishia `0007`.

Kwanza elewa kuna vitu vitatu

Kuna faili la migresheni kwenye folda. Kuna jedwali la `django_migrations` ndani ya databesi, ambalo Django inaandika kila migresheni iloimaliza. Na kuna muundo wenyewe, yaani safu na majedwali yalivyo sasa hivi. Vitatu hivi vikiwa vinakubaliana hakuna neno. Ukihama branchi unakibadilisha kile cha kwanza peke yake, hivi viwili vinabaki nyuma, na hapo ndipo vurugu lote linapoanzia.

Tazama linavyokuja. Wakala amepiga simu, fomu ya kusajili kontena inamkatalia. Unaacha kazi yako, unaingia main, unajaza fomu ujionee mwenyewe, unasevu, unapata hii:

```
IntegrityError: null value in column "siku_za_bure" of relation
"mizigo_kontena" violates not-null constraint
```

Unaweza kukaa hapo mpaka adhana ya alasiri ukidhani umeliona tatizo la mteja, na wala silo, hili ni la laptopu yako tu, la mteja hata hujalifikia. Safu iko kwa databesi, inakataa kuachwa tupu, na kodi ya main haijui kama ipo kwa hivyo haiijazi.

Utaniambia lakini mimi niliweka `default=0` kwenye modeli (kodi ya Python inayoeleza jedwali). Sawa, lakini Django inaitumia hiyo default kujazia rekodi za zamani wakati wa kuongeza safu, kisha inaiondoa kwa databesi, kuanzia hapo anayejaza sifuri ni Python ya branchi yako, na hiyo Python umeiacha kule. Kuanzia Django 5.0 kuna `db_default` ambayo inabaki ndani ya databesi yenyewe, ukiitumia erori hii haitakujia. Mimi naona kwa safu mpya zisizokubali kuwa tupu ni vizuri kuizoea, na faida yake utaiona hata siku ya kupeleka kwa seva, manake kuna dakika chache ambapo kodi ya zamani na databesi mpya zinafanya kazi pamoja.

Hatua ya 1: Kabla ya kuhama, jua umeongeza nini

Ukiwa bado branchi yako:

```
git status
git diff --name-only --no-renames --diff-filter=A main...HEAD -- '*/migrations/*.py'
python manage.py showmigrations mizigo
```

Ya pili inakuonyesha migresheni zilizozaliwa kwenye branchi hii tu, tangu ulipoachana na main. Ya tatu inakuonyesha zipi zimesharun, zina alama ya `[X]`. Ikiwa hakuna faili lolote jipya, hama kwa amani, hii habari haikuhusu leo.

Hiyo `git status` usiiruke. Faili la migresheni ambalo hujalifanyia `git add` hata mara moja, Git haina habari nalo, na ukihama linabaki kwenye folda, unafika nalo main. Pale Django inaliona inadhani ni la main, na ukirun `makemigrations` huko itashangaa mbona modeli haina safu iliyotajwa na migresheni, itakuandikia migresheni nyingine ya kuifuta. Kwa hivyo komiti kwanza. Kama kazi haijaiva na hutaki kukomiti basi iweke kando kwa `git stash -u`, na hiyo `-u` ni muhimu, bila yake stash haichukui mafaili mapya.

Kuna timu nyingine wanaweka folda ya `migrations` kwenye `.gitignore` ati kila mtu atengeneze zake. Ondoeni hiyo leo leo. Migresheni ni sehemu ya kodi, lazima zikomitiwe, la sivyo kila laptopu itakuwa na historia yake na seva nayo yake, na hakuna mwongozo utakaowasaidia.

Hatua ya 2: Rudisha databesi nyuma, KISHA hama

Mpangilio huu ndio kila kitu. Django ili iitoe `0008` inahitaji kulisoma faili la `0008`, na faili lile liko kwa branchi yako peke yake. Ukishahama hana cha kusoma.

```
python manage.py migrate mizigo 0007
git switch main
```

Angalia hiyo namba, wengi wanaikosea. Unaandika migresheni unayotaka kubaki nayo, sio ile unayotaka kuitoa. Ukiandika `0008` hakuna kitakachotokea manake tayari uko hapo. Na kama app ni mpya kabisa, haikuwa na kitu kwa main, unaandika `zero` badala ya namba.

Ukitaka kuona SQL itakayorun kabla hujabonyeza:

```
python manage.py sqlmigrate mizigo 0008 --backwards
```

Ukiwa umegusa app mbili au tatu, rudisha kila moja. Django yenyewe inafuata utegemezi, ikiwa migresheni ya `malipo` inaitegemea `0008` ya `mizigo` ataitoa ile ya `malipo` kwanza, kwa hivyo tazama yanayopita kwenye terminali usije ukashtuka baadaye kuwa kitu kingine kimeondoka nacho.

Na jambo hili lishike: kurudisha nyuma kunarudisha muundo, data hairudi. Ukiitoa `0008`, safu inafutwa pamoja na namba zote ulizokuwa umejaza za kujaribia. Ukiwa umefuta safu kwenye branchi kisha ukarudisha, safu itarudi lakini tupu. Na ikiwa ile safu haikubali kuwa tupu na haina default, kurudisha kwenyewe kunaweza kugoma kwa sababu jedwali lina makontena ndani na Postgres haijui iwajazie nini. Kwa mabadiliko ya kufuta vitu usitegemee kurudisha, nenda moja kwa moja hatua ya 4.

Kuna migresheni pia za kubadilisha data, zile za `RunPython`. Hizi zikiwa na kazi ya kwenda tu bila ya kurudi, ukijaribu kurudi unapata `IrreversibleError` na umekwama. Kila ukiandika `RunPython` weka na `reverse_code`, hata kama kurudi hakuna la kufanya basi weka `migrations.RunPython.noop`. Kwa `RunSQL` ni `reverse_sql`. Ni mstari mmoja, unaandikwa siku ile ile ukiwa bado unakumbuka ulifanya nini.

Hatua ya 3: Umeshahama na umesahau kurudisha

Usifute chochote. Usiende kwa `psql`, ile terminali ya Postgres, kuanza kukata safu kwa mkono. Njia rahisi ni kurudi ulikotoka, `git switch siku-za-bure`, urudishe kama hatua ya 2, uhame tena. Hiyo inatosha mara nyingi.

Ikiwa umeshaanza kazi main na hutaki kuzunguka, liazime lile faili moja tu:

```
git restore --source=siku-za-bure -- mizigo/migrations/0008_siku_za_bure.py
python manage.py migrate mizigo 0007
rm mizigo/migrations/0008_siku_za_bure.py
```

Inafanya kazi kwa sababu Django ikirudisha haiangalii modeli zako za sasa, inajijengea picha kutokana na mafaili ya migresheni yenyewe. Hakikisha tu faili umelitoa ukimaliza usije ukalikomiti kwa main.

Na kama hujui nini kimebaki nyuma, `showmigrations` haitakuambia, yeye anaorodhesha yenye mafaili. Uliza databesi:

```
SELECT app, name, applied FROM django_migrations ORDER BY id DESC LIMIT 15;
```

Jina lolote utakaloliona hapo na faili lake halipo kwa folda, ndilo hilo unalolitafuta.

Hatua ya 4: Kila branchi kubwa na databesi yake

Hii ndiyo ninayoipenda na ndiyo ningewashauri wengi wenu muanze nayo, manake hatua mbili zilizopita zinategemea mtu akumbuke, na mtu aliyepigiwa simu na wakala anayelalamika mizigo imekwama hakumbuki kitu. Postgres inaweza kunakili databesi nzima kwa amri moja:

```
createdb -T bandari_main bandari_siku_za_bure
```

Sasa kwa `settings.py` usiandike jina la databesi moja kwa moja, lisome kutoka nje:

```
"NAME": os.environ.get("DB_JINA", "bandari_main"),
```

na kabla ya kuwasha:

```
export DB_JINA=bandari_$(git branch --show-current | tr '/-' '__')
python manage.py runserver
```

Hiyo `tr` inageuza mkwaju na kistari kuwa mstari wa chini, jina liwe safi, la sivyo itabidi ulifunge kwa alama za nukuu kila ukiliandika kwa SQL. Majina ya Postgres yana kikomo cha baiti 63 kwa hivyo branchi yenye jina refu kama hotuba ya ijumaa ipunguzeni.

Ukiwa branchi yako unaharibu unavyotaka, unahama main, databesi ya main haijaguswa, fomu ya wakala unaijaribu kwa muundo ule ule ulioko kwa seva. Ukirudi unaikuta kazi yako na data yako ya kujaribia kama ulivyoiacha. Lakini kumbuka hiyo `export` inakaa na terminali ile, ukihama branchi irun upya, au iweke kwenye skripti ya kuwashia.

Mambo mawili matatu yatakayokusumbua. `createdb -T` itagoma kama kuna mtu ameshikilia ile databesi ya asili, itakuambia `source database "bandari_main" is being accessed by other users`. Huyo mtu mara nyingi ni wewe mwenyewe, zima `runserver`, funga `psql`, funga DBeaver au pgAdmin, kisha jaribu tena. Ya pili ni nafasi, kila nakala ni databesi kamili, laptopu ya diski ndogo itajaa, kwa hivyo branchi ikishaunganishwa ifute na databesi yake:

```
dropdb bandari_siku_za_bure
```

Ikikataa kwa sababu ya mtu aliyeshikilia, kuanzia Postgres 13 kuna `--force`. Na `psql -l` inakuonyesha zote ulizonazo, ipitie mara kwa mara.

La tatu ni zito kuliko hayo yote. Hiyo `bandari_main` ya laptopu yako isiwe nakala ya data halisi ya wateja. Majina ya waagizaji, namba za simu, PIN za KRA, hayo ni maisha ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu nyinyi pia hata mkiwa ofisi ya watu wawili juu ya duka la simu. Ukishaanza kunakili databesi kwa kila branchi unazidisha na hatari, laptopu ikiibiwa kwa matatu imeondoka na nakala kadhaa. Tengenezeni data ya uongo ya kujazia na hiyo ndiyo mnakili.

Wa SQLite nyinyi mna raha, databesi ni faili, `cp db.sqlite3 db_main.sqlite3` na umemaliza. Wa MySQL hakuna hiyo `-T`, mtatumia `mysqldump` na kuirejesha kwa databesi mpya, inachelewa zaidi lakini inafika.

Hatua ya 5: Wawili wametengeneza 0008

Wewe una `0008_siku_za_bure`, mwenzako ametengeneza `0008_namba_ya_sili` na yake imeshaingia main. Ukipuli, Django inasema `Conflicting migrations detected; multiple leaf nodes in the migration graph`. Sio namba kugongana, namba ni jina tu, tatizo ni kuwa zote mbili zinasema baba yao ni `0007`.

Kama yako hujaipushi na hakuna mwingine aliyeirun, safisha kabla hujaileta main kwenye branchi yako, manake migongano ikishaonekana `migrate` inagoma. Rudi `0007` ukiwa bado na faili lako, futa faili lako, leta main, tengeneza upya:

```
python manage.py migrate mizigo 0007
git rm mizigo/migrations/0008_siku_za_bure.py
git commit -m "toa migresheni, itatengenezwa upya"
git merge main
python manage.py makemigrations mizigo
python manage.py migrate
```

Sasa yako inakuwa `0009` na inamfuata mwenzako kwa mstari mmoja. Ila ikiwa ndani ulikuwa umeandika `RunPython` kwa mkono, usiifute hivi hivi, `makemigrations` haiwezi kukurudishia hiyo. Hapo libadilishe jina faili na urekebishe `dependencies` iitaje ya mwenzako.

Kama yako imeshapushiwa na watu wameirun, usiiguse. Run `makemigrations --merge`, itatengeneza faili dogo la kuziunganisha zote mbili, komiti, endelea na kazi. Lakini lisome kwanza, manake kama nyote mmegusa safu ile ile Django haiwezi kuwaamulia nani wa mwanzo, mpigie simu mwenzako.

Hatua ya 6: Weka kitu cha kukukumbusha

Git ina nafasi ya skripti inayorun yenyewe kila ukihama. Tengeneza faili `.git/hooks/post-checkout`:

```
#!/bin/sh
[ "$3" = "1" ] || exit 0
ZIMEBAKI=$(git diff --name-only --no-renames --diff-filter=D "$1" "$2" -- '*/migrations/*.py')
[ -z "$ZIMEBAKI" ] && exit 0
echo "Angalia! Umeacha migresheni hizi kwa branchi uliyotoka:"
echo "$ZIMEBAKI"
```

Ipe ruhusa, `chmod +x .git/hooks/post-checkout`. Git inaipa vitu vitatu, ulikotoka, ulikofika, na alama ya 1 ikiwa umehama branchi, 0 ikiwa umerudisha faili tu. Nimeiacha inaonya peke yake. Wako wanaoifanya irudishe migresheni yenyewe, mimi sikubaliani nao, kitu cha kufuta safu kisifanyike chenyewe bila mtu kuangalia. Folda ya `.git/hooks` haipushiwi, kwa hivyo kama mnataka timu nzima iwe nayo iwekeni kwa folda ya kawaida ndani ya mradi, kila mtu arun `git config core.hooksPath` akitaja folda hiyo.

Stima ikipotea katikati

Hii ni yetu hapa. Laptopu haina betri, migresheni ina hatua tatu, ya kwanza imeisha na stima imeenda. Kwa Postgres usijali, Django inaifunga migresheni nzima ndani ya transakisheni moja, haikuisha basi ni kama haikuanza, stima ikirudi unarun tena. Isipokuwa zile ulizoandika `atomic = False`, kwa mfano za kutengeneza indeksi kwa `CONCURRENTLY`, hizo zinaweza kuacha indeksi mbovu ambayo lazima uifute kabla ya kujaribu tena. Kwa MySQL ni habari nyingine, kila `ALTER TABLE` inajikomiti yenyewe, kwa hivyo hatua ya kwanza imebaki, Django haikuandika kuwa migresheni imekamilika, ukirun tena inakuambia safu tayari ipo. Ndiyo maana kwa MySQL nawashauri migresheni moja iwe na badiliko moja.

Kuhusu `--fake`

`migrate --fake` inaandika kwa `django_migrations` kuwa imefanyika bila kufanya chochote. Itumie ikiwa umeangalia kwa `\d mizigo_kontena` ukaona kwa macho kuwa safu iko kama migresheni inavyotaka, aina ile ile, na kilichokosekana ni maandishi tu. Kama unaitumia kwa kuwa erori imekuchosha, iache. Erori itaondoka leo, na wiki ijayo kila migresheni utakayoijenga juu yake itakuwa imesimama juu ya uongo. Kwa databesi ya laptopu ni bora uifute yote uijenge upya kuliko kufeki.

Wa Rails na Laravel

Rails: `bin/rails db:migrate:status`, ukiona `NO FILE` kwa mstari wowote ndiyo hiyo umeiacha branchi nyingine. Kurudisha ni `db:rollback STEP=2`, au `db:migrate:down VERSION=` na namba yake ukitaka moja maalum. `schema.rb` ikija na mabadiliko usiyoyajua ukiwa main usiikomiti, ni alama kuwa databesi yako ina vitu vya branchi nyingine.

Laravel: `php artisan migrate:status` na `migrate:rollback --step=1`. Bila `--step` inarudisha kundi zima la mwisho, na kundi ni zote zilizorun kwa amri moja, inaweza kuwa nyingi kuliko ulivyodhani. `migrate:fresh --seed` inafuta majedwali yote na kujenga upya, kwa laptopu ni nzuri sana, lakini hakikisha `.env` yako inaelekea laptopu kabla hujabonyeza.

Na kwa seva ya wateja hakuna kati ya haya linalohusika. Kule hakuhamwi branchi na hakurudishwi nyuma kwa haraka. Migresheni ikiwa na kosa unaandika nyingine mpya ya kurekebisha, unaijaribu kwa nakala, unachukua bakapu kwa `pg_dump -Fc`, kisha ndiyo unaipeleka.